Simu ya Chiriku Darasani

Nyumba ya nyuma ya karakana ya baiskeli,
Jumapili, 14 Machi.

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo. Hujambo huko mbali? Wifi na watoto wanaendeleaje? Goti limeacha kukusumbua? Sisi tu wazima. Pasi zinaniunguza vidole kama kawaida, lakini nguo za watu zinatoka zimenyooka.

Sasa kaa kitako, kaka. Nina habari za mpwa wako Chiriku!

Unakumbuka tulivyompa jina hilo: hasikii, lakini mikono yake hainyamazi hata akila. Alipoingia chuo kikuu kusomea sheria, roho yangu ilikuwa juu juu. Ukumbi wa watu mia mbili, mhadhiri anaongea huku ameelekea ubaoni, mwanangu atashika nini?

Wenzake wakafungua kundi la WhatsApp. Wanapokezana: huyu anaandika dakika tano kila neno la mhadhiri, kisha anampisha mwingine. Chiriku anasoma papo hapo. Akirudi nyumbani ananisimulia sheria mpaka chai inapoa!

Halafu mhadhiri wa sheria za ardhi, mzee mkali, akapiga marufuku simu. Ofisi haikuwa imemwambia lolote kuhusu Chiriku, naye Chiriku akakataa katakata kwenda kumweleza mzee. "Sitaki kuonewa huruma," akaniambia kwa mikono. Wiki mbili akatoka darasani bila kuambulia kitu. Akaanza kusema bora aache chuo. Kaka, nililia juu ya mashati ya watu.

Wenzake wakasema haondoki mtu. Wakaendelea kuandika kwa kificho, simu chini ya meza. Jumanne mzee akamfuma Chiriku. Haya nimesimuliwa na rafiki yake, ambaye zamu ya kuandika ilikuwa yake.

"Nipe hiyo simu!" Mzee akaichukua, akatazama kioo. Kimeandikwa: Nipe hiyo simu.

"Nani anaandika haya?" Nayo ikatokea: Nani anaandika haya?

Rafiki yake akainua mkono. Ukainuka wa pili, wa tatu, mpaka ikawa mikono kumi na minne. "Tunamwandikia mwenzetu, mwalimu. Hasikii."

Mzee alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Akamrudishia Chiriku simu kwa mikono miwili. Kesho yake unajua aliomba nini? Aingizwe kwenye kundi! Tangu hapo anatuma somo kabla ya kipindi, na haupi tena ukumbi mgongo.

Ijumaa akatoa kichekesho cha majirani wawili waliogombea ua wa mpakani hadi mbuzi akaula wote. Hakuna aliyecheka. Watu wote walimgeukia Chiriku, wakasubiri maneno yamfikie. Akasoma, akaangua kicheko, ndipo ukumbi mzima ukalipuka.

Alifika nyumbani anakimbia. Akaniambia: "Mama, leo sikucheka wa mwisho."

Nisalimie sana wifi, na huyo kitindamimba anayeota meno umbusu kwa niaba ya shangazi yake. Mungu akufungulie kila mlango utakaougonga, na akulinde unapotoka na unaporudi.

Wako akupendaye,
mdogo wako, Mama Chiriku.