Namba Yako Inapokelewa Kerege

Kiwangwa

Mdogo wangu Mikdad,

Assalaam alaikum. Huku mvua imenyesha vizuri na mananasi yameiva. Barua hii nampa Mwinyimvua anayekuja huko Maskati, kwa sababu namba yako si yako tena.

Ulikaa mwaka mzima bila kuweka vocha, kampuni ikaifunga laini, ikampa binti wa Kerege aitwaye Adila. Nilikwenda ofisini kwao kulalamika. Mama wa kaunta akasema, "Laini isiyotumika inarudi kwetu." Nikamuuliza, miaka kumi na moja mama yangu anaibonyeza namba hiyo, nayo inarudi kwa nani? Akamwita mteja mwingine. Hata pole hakunipa.

Mama alipiga Ijumaa baada ya sala, kama kawaida yake. Akapokea mwanamke, tena akamwamkia shikamoo. Basi mama akatangaza mtaa mzima kwamba umeoa kimyakimya, akampelekea mkwewe mananasi na doti ya kanga kwa basi. Binti wa watu akaona haya kumkatalia mtu mzima. Tangu hapo huzungumza kila Ijumaa.

Mama amelazwa, hii wiki ya pili. Adila amekuja mara tatu na uji. Jana nilichoka, nikamwambia mama kwamba yule si mke wako, hakujui wala humjui.

Akanijibu, "Najua tangu siku ya kwanza. Lakini nikipiga, anapokea."

Ni mimi dada yako,
Sabiha

Namba yangu ni ileile.