Kasiani Kobelo, Aliyetupangia Tamthilia za Saa Moja

Baba Elia, leo umetimia mwaka mzima tangu Jumanne ile ya Machi 11, 2025, ulipotutoka hapa Morogoro, tukakupandisha Matombo kukulaza jirani na mama yako.

Kazi yako ilikuwa kuchagua tamthilia za nje, kuzipangia saa kwenye televisheni, na kutengeneza matangazo ya kuwafanya watu wazisubiri. Ulikuwa unaziangalia zote ofisini, mwanzo hadi mwisho. Nyumbani ulikaa nasi ukaziangalia tena kana kwamba hujui kitu. Sokoni wauza ndizi walikushika mkono: "Kaka, yule binti ataolewa kweli?" Ukawajibu, "Saa moja kamili, dada."

Wakubwa wako walipotaka kuihamishia ile ya Kituruki saa tisa alasiri, uliwaambia, "Saa tisa dada yangu Bernadeta yuko shambani na jembe. Wenzake wote wako huko." Ulibishana nao wiki nzima, ikabaki saa moja jioni. Bernadeta hukumwambia. Alikuja kuyasikia msibani kwa wenzako wa kazini, akaanza kulia upya.

Ulikuwa mpole. Hukupenda kula peke yako. Sare za shule za binti yetu Upendo ulizipiga pasi wewe.

Wodini ulinishika mkono ukasema, "Ile ya Kituruki zimebaki sehemu ishirini na sita. Nikusimulie mwisho?"

Nikakataa. "Ukipona tutaangalia wote."

Ukasema, "Mwisho wake mzuri, Mama Elia."

Siku ya tatu ukaondoka.

Nimeziangalia zote ishirini na sita. Elia yuko chuoni Dodoma, Upendo yuko bweni, kwa hiyo nilikaa mwenyewe, upande wangu wa kochi. Mwisho haukuwa mzuri. Yule mama wa kwenye tamthilia alimsubiri mumewe stesheni mpaka milango ikafungwa, na mume hakuja. Nikageuka kukuuliza kwa nini ulinidanganya. Miaka ishirini na mbili ya ndoa hukuwahi kunidanganya.

Sijakasirika. Ninachojutia ni kukukatalia. Ningekuacha usimulie, ningekuwa na sauti yako ya jioni ile nzima. Nilijua huponi, na wewe ulijua kwamba najua. Niliogopa tu kulisikia hilo kinywani mwako.

Siku hizi ikifika saa moja natoka kukaa kibarazani. Kuna tamthilia mpya imeanza; muziki wake nausikia kwa majirani. Sijui ni nani aliyeichagua.

Unakumbukwa na mimi mkeo Winfrida, wanao Elia na Upendo, dada yako Bernadeta, ukoo wote wa Kobelo wa Matombo, na wale uliofanya nao kazi. Misa ya kukuombea itasomwa Matombo Jumamosi, saa nne asubuhi.

Tutakukumbuka siku zetu zote, Kasiani.