Ukuta wa Matumbawe na Vidole vya Eriki

Jumatatu usiku, Kagarama, Kigali

Bado bega linamuuma Eriki, mume wangu mtamu.

Jana asubuhi huko Pemba tulizamia kando ya ukuta wa matumbawe, tumeshikana mikono, kasa akitupita taratibu. Tulibinyana vidole kuulizana: uko salama? Sijawahi kupendwa hivyo!

Mwalimu wetu wa kuzamia alituonya tusipande ndege siku hiyo hiyo, kwamba hewa iliyobaki mwilini ingetudhuru huko juu. Eriki akacheka: "Kaka, sisi watu wa Kigali tumezaliwa milimani. Kupanda juu tumezoea." Jioni tukapanda ndege, maana leo alitakiwa kazini Kacyiru.

Sasa tunasubiri teksi itupeleke hospitali. Nimembinya vidole, kwa nguvu, na sijaviachia.

"Mpenzi," ameniuliza, "mbona umeacha kunishika?"