Karatasi Kumi na Mbili za Sigara

Mbeya, 2 Machi 1956

Mwanangu Tadeo,

Tumsifu Yesu Kristo. Hapa nyumbani tunaamka salama, ila mvua haitupi nafasi hata ya kuanika nguo. Kile kifua chako kimepona? Mama yako anauliza kama sweta unalivaa au umelitunza sandukuni.

Nina shida, na nadhani dawa yake iko kitabuni. Bloku ya injini ya lori imepasuka. Bwana Ahmadi amenipatia injini nyingine ya kiwanda kilekile cha Wenlok, lakini ya muundo mpya. Ile ya zamani niliweza kuifunga nimefumba macho. Hii valvu zake hazikai ubavuni. Ziko juu, zinasukumwa na fito ndefu. Sijui kiwanda kinataka nafasi kiasi gani kati ya valvu na kile chuma kinachoigonga. Gereji ya mjini wananiambia nisubiri Pasaka ipite.

Siwezi kusubiri. Unajua mama yako alivyopasuliwa alipozaliwa Benedicta. Daktari aliyemshona yuko huko kwenu, na amemwonya mimba hii asiizalie nyumbani: mshono wa zamani ukiachia, tutampoteza. Basi la Makame linalokuja huko hawezi kulipanda, ameambiwa asafiri amelala. Nitamtandikia godoro nyuma ya lori.

Uliwahi kuniambia bruda wa karakana ya shule ana kitabu cha kiwanda. Kisome, uniandikie. Lakini usinitajie inchi. Fundi Bushiri amehamia Tukuyu na geji yake ya kupimia nafasi, na mimi sina. Nitapima kama mafundi wote wa huku, kwa karatasi za kusokotea sigara. Niambie ni ngapi tu.

Jibu mpe Makame mkononi. Posta itatuchelewesha.

Baba yako,
Kalinga


Tosamaganga, 6 Machi 1956

Baba mpendwa,

Milele amina. Kifua kimepona na sweta nimelivaa hata sasa ninapoandika. Shikamoo kwako na kwa mama.

Nilisimama mlangoni pa karakana muda mrefu, kwa sababu sikujua nianzeje. Mwishowe Bruda akauliza, "Wewe ni mwanafunzi au ni nguzo?" Nikamweleza. Akanikubalia kukaa na kitabu siku nzima ya Jumapili.

Ni injini nzuri sana, baba. Ina silinda sita, na mgandamizo wake ni sita na nusu kwa moja. Kwa kuwa valvu ziko juu, hewa inaingia moja kwa moja bila kupinda kona kama katika ile ya zamani, ndiyo maana ina nguvu zaidi ingawa si kubwa zaidi. Silinda zinawaka kwa mpangilio huu: ya kwanza, ya tano, ya tatu, ya sita, ya pili, ya nne. Nimekuchorea upande wa pili.

Nafasi ya valvu ni sehemu kumi na mbili za elfu za inchi, injini ikiwa ya moto. Nimeazima karatasi za sigara kwa mtunza bustani, nikazipima kwa mikromita ya maabara. Kila moja ni sehemu moja kamili. Kwa hiyo tumia karatasi kumi na mbili.

Mwambie mama nimeshamwona daktari akipita, ila sikuthubutu kumsalimu.

Mwanao,
Tadeo


Mbeya, 11 Machi 1956

Mwanangu,

Amani ya Bwana iwe nawe. Sisi wazima, na leo nyumba nzima inacheka kwa sababu injini imewaka! Mama yako aliposikia akasema, "Lori limepata sauti ya padri." Akaniuliza nani amelifundisha kuimba, nikamwambia ni mwanao. Akageukia ukutani, lakini nilimwona anafuta macho.

Karatasi kumi na mbili nilizipachika valvu kwa valvu, kama ulivyosema. Nimekutilia moja humu ndani, uone mafundi wa Mbeya tunavyozichafua.

Miguu ya mama yako imevimba na mtoto amekwisha kushuka. Tutaondoka Jumatano alfajiri. Ikupa, shangazi wa mama yako, atakaa naye nyuma. Tuombee barabara ya Igawa isikatike.

Baba yako,
Kalinga


Tosamaganga, 13 Machi 1956, jioni

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kutouliza hali zenu kwanza.

Msiondoke na injini ilivyo. Na kama mmeshaondoka, tafadhali simama hapohapo Makame atakapokupa barua hii.

Ile karatasi uliyonitumia niliisafisha kwa petroli, nikaipima kwa kutaka tu kujua. Ni nyembamba. Ni theluthi mbili tu ya karatasi ya mtunza bustani. Nikapima tena, nikamwita Bruda, naye akapata hivyohivyo. Karatasi za sigara za Mbeya si za Iringa, baba! Mimi nilidhani karatasi ni karatasi. Zako kumi na mbili ni sawa na nane zangu.

Kwa safari fupi hutaona kitu. Lakini injini ikipata moto wa mlimani, shina la valvu linarefuka, na likikosa nafasi valvu haifungi vizuri. Moto unapenya pembeni na kuila midomo yake. Nguvu zinapungua kidogo kidogo, kisha silinda inakufa.

Weka karatasi zako kumi na nane. KUMI NA NANE.

Makame anarudi Mbeya kesho asubuhi, kwa hiyo mtakutana njiani. Nimemwomba achungulie kila lori linalokuja. Amenicheka, akasema, "Lori la Mhehe yule nalijua hata likiwa chini ya tope." Namtegemea yeye.

Mwanao,
Tadeo


Nyololo, 15 Machi 1956, asubuhi

Mwanangu Tadeo,

Tumelala hapa. Mama yako yuko hai. Hiyo ndiyo salamu.

Jana tulivuka Makambako vizuri. Baada ya hapo lori likaanza kukohoa, na hapa kwenye kilima likakataa kabisa. Nilikuwa nimefungua kofia ya injini, sielewi nianzie wapi, basi la Makame likatokea mbele. Akatoa kichwa dirishani, "Mhehe! Umechoka kuendesha, sasa unalima barabara?" Alipomwona mama yako utani ukamkauka. Akanipa barua yako.

Alitaka kumrudisha Mbeya, abiria wampishe benchi la nyuma lote alale. Mama yako akamjibu, "Makame, huko ndiko nilikotoka, na sikusahau kitu." Ikupa akamwunga mkono. Mshono huu wanamtaka aliyeushona, basi.

Nimepima upya zote kwa karatasi kumi na nane. Valvu za silinda mbili zimekwisha kuungua midomo, hizo hazitapona bila karakana. Nne zinafanya kazi. Tutakuja kwa gia ya pili, kwa hizo nne, hata kama ni mwendo wa mtu anayekwenda kisimani.

Uchungu umeanza alfajiri. Unakuja na kuondoka.

Barua hii nampa katekista mmoja mwenye pikipiki, anakuja misheni kwenu. Ukiisoma usikae kulia. Karatasi mimi ndiye niliyeziomba, na wewe uliniambia ulichokipima. Nenda kwa daktari sasa hivi. Mwambie aandae chumba, na watu wa machela waje njia panda, maana kilima cha mwisho lori linaweza kukishindwa. Najua huwezi kuongea na watu. Leo utaongea.

Baba yako,
Kalinga


Njia panda ya Tosamaganga, 16 Machi 1956, asubuhi

Baba,

Sijui mko wapi, kwa hiyo sijui nikusalimu kwa habari gani. Katekista anarudi Nyololo sasa hivi na anapasha moto pikipiki yake. Nampa barua hii, akukute popote uliposimama.

Nilikwenda. Sista wa mlangoni alisema daktari anakula, nirudi baadaye. Nikasema hapana. Nilisema kwa sauti, baba, mpaka wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakageuka. Nikasema, "Mama yangu ni Atuganile, alipasuliwa hapa, mshono wake unaweza kuachia, na yuko barabarani kwenye lori bovu." Daktari akatoka na leso yake shingoni. Anamkumbuka mama. Chumba kiko tayari, maji yanachemka tangu jana.

Watu wa machela wako hapa pamoja nami. Mmoja wao, Joachim, anasema kama hamjafika jua likichomoza vizuri tutashuka na machela kuwafuata kwa miguu, hata hadi Ifunda. Nimewaambia nitashika mpini wa mbele.

Kama umesimama kwa sababu maji ya injini yanachemka, usiyamwage yote, ongeza polepole, bloku isipasuke. Kama umesimama kwa sababu ya mama

Baba, kuna injini chini ya kilima. Katekista amezima pikipiki ili tusikie. Inavuta, inakosa, inavuta mara mbili, inakosa tena. Joachim anasema ni trekta la shamba. Si trekta. Trekta haliwezi kukosa hivyo, hizo ni silinda nne za injini ya sita.

Naona kofia yako. Shangazi Ikupa amesimama nyuma, ameshika ubao. Mama simwoni.

Nimemwona. Ameinua mkono juu ya ubao, anauliza kwa vidole kama nimevaa sweta.

Naiacha barua hapa. Wameshanyanyua machela, na mpini wa mbele ni wangu.