Mkono Uliovimba Kabla ya Tangazo la Tatu

Mpendwa Shangazi,

Kuna sauti moja haijanitoka masikioni, nayo ni ya kikombe cha bati kinachogongagonga ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, kikombe kimoja tu, peke yake, na kikombe hicho nilikuwa nimetoka kukinywea mimi. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwa mama mkwe wangu mtarajiwa, hapa Majengo, mbele yangu bado kuna mihogo ya kuchemsha, naye alikuwa ameingia jikoni akinisemesha kwa sauti tamu, "Ongeza mihogo, mwanangu, jisikie nyumbani," huku nyuma ya maneno hayo kikombe changu kikigonga, ko-ko-ko, kama mtu anayepiga hodi na wenyewe wapo ndani. Naomba msaada wako, na naomba univumilie, kwa sababu jambo nililolifikiria kwa kirefu sijui kuliandika kwa kifupi.

Mimi ni muuguzi, nimesoma kwa masista mpaka kidato cha sita, na kazi ninayofanya sasa wengi hawaijui. Serikali inataka kujua ni watu wangapi katika nchi hii wameambukizwa kifua kikuu, na kwa kuwa haiwezekani kupima nchi nzima, shule chache huchaguliwa kwa bahati nasibu, nasi tunakwenda kuwachoma watoto sindano ndogo juujuu kwenye ngozi ya mkono, kisha tunarudi siku ya tatu kuisoma mikono hiyo, yaani ninafumba macho, ninapapasa kwa kidole nikitafuta ukingo wa uvimbe, ninaupima kwa rula, na kutokana na mikono ya watoto hao wataalamu wa Dar es Salaam wanakadiria ni watoto wangapi huambukizwa kila mwaka, na kutoka kwa watoto wanapanda kwa watu wazima mpaka wanalipata taifa. Uvimbe si ugonjwa, Shangazi. Maana yake ni kwamba siku moja ulivuta hewa aliyokohoa mgonjwa, vijidudu vikaingia, mwili ukavifungia, na kwa watu wengi hulala humo humo mpaka mtu anakufa kwa jambo lingine kabisa. Aliyeambukizwa na haumwi hamwambukizi mtu, si kwa pumzi wala kwa kikombe. Haya nimeyaeleza katika shule nyingi, wazazi wakatikisa vichwa kukubali, wala sikujua kwamba ningekuja kuyaeleza kwa ajili ya ndoa yangu mwenyewe.

Kule Mpitimbi wazazi walikataa, kwa sababu walikuwa wamesikia kwamba sindano yetu inafunga uzazi. Tulipofika tuliwakuta uwanjani, kila mmoja kamshika mtoto wake, na mama mmoja aitwaye Kunegunda akauliza mbele ya wote, "Kama ni nzuri hivyo, mbona nyie wenyewe hamchomwi?" Nikasema tunachomwa, nikakunja mkono wa gauni, na mwenzangu Otto akanichoma pale pale. Wakasema basi turudi siku ya tatu, waone kwanza mkono wangu, ndipo watutolee watoto. Nilijiona shujaa, Shangazi, njia nzima nilikuwa nawaza jinsi nitakavyowaonyesha mkono laini. Sina kovu la chanjo ya kifua kikuu, ile inayoweza kuvimbisha mkono hata kwa asiyeambukizwa; nilizaliwa mahali ambapo chanjo haikuwa imefika, kwa hiyo endapo ningevimba nisingekuwa na cha kusingizia.

Nilivimba kama nusu ya limau. Otto aliupima, akaupima tena, akaninong'oneza, "Dada, tushushe mkono wa gauni?" lakini Kunegunda alikuwa ameshauona, na alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe wabovu ni nyie wa mjini! Haya, wachomeni watoto wetu, mkaone watu wenye afya!" Siku hiyo hatukukosa mtoto hata mmoja, taifa likapata takwimu zake, na habari ya mkono wangu ikafika Majengo kabla ya Landrova yetu, kwa sababu mama mkwe anauza mitumba sokoni na wateja wake wengi hutoka upande wa Mpitimbi. Mitumba yenyewe ni masweta ya Wazungu asiowajua, ambao huenda walikohoa humo majira yote ya baridi, na sijawahi kumwona akiyachemsha.

Tangazo la ndoa yetu lilikuwa limeshasomwa kanisani mara mbili. Kabla ya lile la tatu mama mkwe alikwenda parokiani, kwa kuwa Padre husema kila mara kwamba anayejua kizuizi akilete, naye akapeleka mkono wangu. Padre akasimamisha tangazo, akaomba cheti cha hospitali. Nikapimwa makohozi, nikapigwa picha ya kifua, daktari akaandika cheti kwamba siumwi; Padre alikisoma, akasema atalitangaza mama mkwe akiridhika. Nikakichukua cheti mpaka kwa mama mkwe, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakishika kwa ncha za vidole, akakitazama, akanirudishia. "Mwanangu," akasema, "karatasi haivimbi. Kilichovimba ni mkono." Na unajua siku hizi mtu akisikia TB anasikia na ule ugonjwa mwingine, hata kama hakuna aliyeutaja.

Mchumba wangu, Joachim, alikuwa karani wa chama cha ushirika mpaka walipopunguzwa kazi, na sasa anauza mitumba meza moja na mama yake. Alinishauri niseme kwamba Otto alikosea kupima. Nikamwambia nikisema hivyo, basi na mikono yote ya Mpitimbi imekosewa. Akasema kama ni hivyo niseme ni mambo ya kovu la chanjo. Nikamwambia kovu lenyewe sina.

"Noela," akasema, "yaani wewe huwezi kusema hata kauongo kamoja, ka kuolewa tu?"

Ndipo akaja na wazo lake mwenyewe, kwamba achomwe na yeye, mama yake auone mkono wake ulivyo laini, ajue kuwa miaka yote ya uchumba sijampa kitu. Wazo hilo nililipenda, nililipenda kuliko ilivyofaa. Otto alimchoma kwa dawa iliyokuwa imebaki kwenye chupa, ambayo jioni ile ingemwagwa. Siku ya kusoma alikuja amevaa shati la mikono mirefu katika joto hili linalotangulia mvua, akakunja mkono mmoja wa shati, akageukia ukutani. Nilifumba macho kama nilivyozoea. Kidole changu kilikwenda, kikazidi kwenda, na ukingo ulikuwa bado.

"Mkubwa?" akauliza.

"Kuliko wangu."

Akashusha shati. "Usiandike."

"Siandiki. Wewe si mwanafunzi."

"Na mama asijue."

Na mama hajui. Tunakaa watatu mezani, kikombe changu kinachemshwa, cha Joachim kinasuuzwa kwa maji baridi na kurudishwa kabatini, naye anatazama dari kana kwamba kuna kitu kimeandikwa juu kule. Jumapili iliyopita mama yake alimwambia nikiwa nimekaa pale pale, "Baba, usiguse kikombe cha mwenzio, mimi nimebakiwa na wewe tu," na Joachim, ambaye mkono wake ulikuwa bado mwekundu chini ya shati, akajibu, "Sawa, mama." Wala sijasema kwamba uwezekano wa kuambukizwa huongezeka kwa kila mwaka mtu anaoishi, kwa hiyo kwa makadirio yetu anayeelekea kuwa na vijidudu hivyo kuliko sisi wote ni yule anayeshika mfuniko wa sufuria.

Shida yangu ni hii. Neno moja tu kutoka kwangu, "Joachim naye amevimba," lingemaliza mambo yote, kwa kuwa sidhani kama yule mama angemchemshia mwanawe kikombe, na tangazo la tatu lingesomwa. Lakini mkono wa mtu niliousoma si wangu kuutangaza, nimefundishwa hivyo na ninaamini hivyo. Nikinyamaza, ama siolewi, ama ninaolewa na kuishi maisha yangu yote nikiwa mgonjwa pekee katika nyumba ya watu wanaojiona salama, karibu na mwanaume anayetazama dari. Na ninampenda. Hilo nimeliandika mwisho kwa sababu ndilo nisilo na uhakika kama linapaswa kuhesabiwa.

Joachim amekaa mbele yangu ninapomalizia mstari huu. Nimeshamwambia kwamba nimekuandikia kila kitu, na kwamba barua hii sitaigusa tena. Bahasha ina anwani yako, haijafungwa, na nimemwekea mkononi. Nimemwambia aisome, kisha aipeleke posta au aichane, na sitamuuliza amefanya lipi.

Noela,
Songea

*

Noela,

Imefika. Imefungwa kwa gundi ya kutosha kubandika mlango, stempu iko kichwa chini, na kila palipokuwa na jina la mchumba wako pamepakwa wino mweusi mpaka karatasi imetoboka. Jina la Joachim nimempa mimi, na lako pia nimelibadilisha, pamoja na ya wengine wote, ingawa wauguzi wanaosoma mikono ya watoto huko kwenu siwezi kuwabadilisha. Kwa ninavyoona mko wawili, na mmoja wenu ni mwanaume.

Nianze na wewe, maana wewe ndiye uliyeniandikia. Pole kwa kikombe. Hakuna mtu anayestahili kukaribishwa kwa mdomo na kufukuzwa kwa sufuria. Lakini hebu niambie, ulikubali mchumba wako achomwe ukitumaini nini? Usiniambie ulitumaini mkono laini. Umeandika mwenyewe kwamba wazo lile ulilipenda kuliko ilivyofaa. Ulitaka avimbe, upate mwenzio wa kuchemshiwa. Alipovimba ukafurahi kidogo, kisha ukaiogopa furaha yako, ndipo ukakaa kuniandikia juu ya maadili ya kazi. Sikulaumu sana, mimi ningefurahi mpaka majirani wasikie. Ila usijiite mtunza siri, mama, huku siri yenyewe umeipeleka kwenye gazeti ambalo kesho linafungiwa maandazi nchi nzima. Ungeweza kumwambia Joachim uso kwa uso, "Sema, au mimi naondoka." Maneno manne. Wewe ukaandika kurasa saba, na hata kumuuliza kama ameziposti umekataa!

Halafu hilo la "Sawa, mama." Limekuuma, na lingeniuma na mimi. Lakini umeshamhukumu mtu kwa kumsoma mara moja. Kazini kwako, mtu akileta makadirio ya mkoa mzima kutokana na mkono mmoja, si utamrudisha shuleni? Mezani alionyesha woga. Posta ameonyesha kitu kingine. Mwoga mtupu angeichana barua hii, na wewe ungebaki unasubiri gazeti kila juma. Jasiri angeiacha na jina lake. Umepata mtu wa katikati, na hao, bila kuchoma sindano hata moja, mimi nakadiria ni zaidi ya nusu ya wanaume wa taifa hili. Kuolewa na mmoja wao si msiba. Msiba ni kuolewa naye kabla hajajifunza kufungua mdomo.

Mama mkwe naye usimcheke kwa sababu ya masweta. Mwanawe amepoteza kazi, mtaani wanazika vijana kila juma na hakuna anayesema wamekufa kwa nini. Yeye amepata hatari moja ndogo inayotosha kuingia kwenye sufuria, ameishika. Wewe uliwaeleza wazazi wa shule ngapi? Yeye ulimpelekea cheti.

Sasa sikiliza. Mkono wa Joachim usiutaje kwa mama yake, hata siku akikuchemsha wewe mzima mzima. Atausema yeye mwenye mkono. Chai nyumbani kwao usinywe tena mpaka awe ameusema, na mtu akikuuliza mbona huonekani, jibu kwamba unangoja ukaribishwe. Nenda kwa Padre, umwombe asubiri mpaka Noeli ipite. Ikipita na bado dari inatazamwa, mwambie asilisome tangazo hilo kabisa, urudi kazini kwako, ulie huko. Ukilia utapona. Cheti cha daktari kifungie sandukuni, usimwonyeshe mtu mwingine, wewe si ng'ombe wa mnadani. Na yeyote kati yenu, pamoja na huyo mama, akikohoa zaidi ya wiki tatu aende hospitali siku hiyo hiyo. Hilo wewe unalijua, nalirudia kwa ajili ya wasomaji wanaochemsha vikombe na kukaa na kikohozi.

Nawe kijana wa wino mweusi, najua utaisoma safu hii kabla yake. Ulipofunga bahasha ulifanya jambo zuri, na ulipofuta jina ukaliharibu nusu. Nusu iliyobaki siwezi kukufanyia mimi. Gazeti hili hufika Songea limechelewa, na mama yako ana wateja wengi wanaojua kusoma. Kunja shati lako leo hii, hapo hapo mezani kwenu kwenye mitumba, umwambie kabla mmoja wao hajamsomea.

Shangazi