Ukuta wa Tezo na Keekee

Jumapili. Mvua imenyesha tangu asubuhi hapa Rangwe, ile mvua ya uvivu isiyo na radi. Nimeketi kwenye benchi la karakana. Sijisikii vibaya. Vizuri pia sijisikii.

Niandike tu jinsi ilivyokuwa.

Baba alikuwa seremala, na hakuwa mtu wa kupanga kitu. Vifaa vyake vyote vilikaa ndani ya gunia na pipa moja la plastiki. Ukitaka patasi, unaingiza mkono huku ukimwomba Mungu, maana tezo ya kuchongea mbao ilikuwa chini huko, makali juu, ikingoja vidole. Nimefanya kazi naye miaka kumi na mmoja, na makovu yangu yote yametoka kwenye lile pipa. Tulipomzika mwezi uliopita nilibaki na karakana, na milango ya watu ambayo haijaisha.

Kisha nikaambiwa wazee watakuja leo kugawa vitu vyake. Kwetu Wajaluo vitu vya marehemu huenda kwa ndugu zake na wanawe wa kiume. Binti ataolewa, atapata vya huko. Mimi niliolewa, nikarudi. Hilo huwa hawalihesabu.

Basi wiki nzima nimekuwa nikitundika vifaa ukutani.

Nyundo haina shida, misumari miwili inatosha. Tezo ina kichwa kizito, ukiitundika inajigeuza. Niliibana shingo kati ya vigingi viwili. Keekee, ile ya kutobolea mbao, ndiyo iliyonitoa jasho. Ule mkono wake uliopinda unazunguka wenyewe na kugonga kila kilicho karibu. Nilikata raba ya tairi kuukuu, nikatengeneza vitanzi viwili, kimoja juu na kingine chini, ikatulia. Randa niliilaza ubavu ili makali yasiguse ubao. Klampu ndefu nilizipandisha kwenye boriti.

Sikulia hata mara moja. Nilipima, nikapiga misumari.

Nilidhani wazee wakiuona ukuta ule watasema hapa pana mtu anayefanya kazi, tusimharibie. Huo ndio ulikuwa mpango wangu wote. Ni ujinga wangu mwenyewe, sina wa kumlaumu.

Walikuja watatu baada ya kanisa: baba mdogo, binamu yake, na kaka yangu Ouma, anayechimba dhahabu kule Osiri. Baba mdogo alisimama mbele ya ukuta akiwa na furaha ya kweli.

"Nyathina, mtoto wangu, umetusaidia sana. Kila kitu inaonekana."

Walimaliza kabla chai haijapoa. Vingekuwa bado kwenye pipa wangechoka kupekua, wangechukua nyundo na msumeno, wakaenda zao. Mimi nimewapangia kama dukani. Ouma alishika keekee, akaigeuza huku na huku.

"Sasa hii ni ya kufanya nini, sister?"

Nikamwonyesha. Hata nilimsaidia kuichomoa kwenye raba, kwa sababu alikuwa anaivuta vibaya. Mama alikuwa mlangoni. Aliniangalia, kisha akaangalia chini.

Kwamba walichukua, hilo nililitarajia. Kinachonisumbua ni kwamba niliwapa kwa mkono wangu mwenyewe, kimoja baada ya kingine, nikiwatajia majina. Nina hasira, nadhani, lakini bado haijafika. Nimebaki na brashi, gundi na penseli.

Saa kumi alinipigia simu mwalimu mmoja wa Uriri, anauliza mlango wake. Ningeweza kumwambia ukweli. Nilimwambia Ijumaa utakuwa tayari. Maneno yalitoka bila kuniuliza, na nilipokata simu moyo ulikuwa unanidunda, kwa mara ya kwanza tangu matanga.

Ouma analala kwa Mama leo. Anarudi Osiri kesho, na akifika huko vifaa alivyochukua vitauzwa, namjua.

Nitakuwa pale kabla hajanywa chai. Siendi kuomba urithi, urithi wao wakae nao. Naenda kuchukua kazi yangu. Sijui nitaanzaje kusema. Labda nitamwuliza tu kama yeye amewahi kuona mlango ukitobolewa kwa kidole.