Aliyelilia Komunyo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta unapumua vizuri, na lile goti lako limeacha ukorofi. Baba naye mpe shikamoo yake, na mwambie asiikalie tena miwani. Mimi ni mzima, ila nimechoka, Mama. Nimechoka mpaka nikipiga magoti kanisani naogopa kufumba macho.

Uliniuliza hali ya dada yako. Mama Mkubwa hatoki tena kwenye chumba cha masista wagonjwa hapa utawani. Miguu imegoma na majina yanamponyoka. Siku nyingine ananiita kwa jina lako, nami naitika. Kilichotutesa zaidi ni kilio. Kila asubuhi padri anampelekea Komunyo, naye anapokea vizuri kabisa. Ikifika mchana, sote tukiwa kazini, anaanza kulia kama mtoto kwamba amenyimwa Komunyo. Sista muuguzi akasema ni usahaulifu wa uzee, tumvumilie.

Aliyekuwa akimhudumia ni Kicheko, yule mwenzangu niliyeingia naye utawani siku moja, aliyekuvunja mbavu siku ya nadhiri zetu za kwanza. Tulikuwa tumekaribia kuweka nadhiri za daima pamoja. Mimi nimerithi kazi ya Mama Mkubwa ya ujana wake wote, kuoka hostia, ule mkate wa Misa. Nakoroga unga wa ngano na maji, namimina kwenye mabamba ya moto, nauacha ule mkate mwembamba unyonye unyevu kidogo usipasuke, kisha nakata viduara. Mabaki ya pembeni hayafiki altareni, ni mkate mkavu tu, kwa hiyo nayaweka kwenye debe kwa ajili ya watoto wa chekechea. Vidole vyangu vimejaa malengelenge.

Basi mabaki yakaanza kupungua. Mwalimu wa chekechea akanitania kwamba labda navunja mfungo kwa siri. Utani ukafika kwa Mama Mkuu wa nyumba yetu, naye hana utani, akaniagiza nifuatilie. Mchana mmoja nikajibanza nyuma ya magunia ya unga, shela limejaa vumbi, najiona mjinga. Akaingia Kicheko, akachota kiganja, akatoka. Nikamfuata mpaka mlangoni kwa Mama Mkubwa. Nikamwona anamwinulia kipande na kumwambia ni Mwili wa Kristo. Mama Mkubwa akaitikia Amina, akanyamaza.

Mama, nikausukuma mlango. Huku kwetu hilo si jambo dogo. Ni kuigiza Sakramenti, tena kumdanganya mgonjwa. Kicheko alinivuta kando akanisihi nifunge mdomo, akasema kile kilio kilikuwa kinamkata maini. Nikamwahidi. Lakini Mama Mkuu aliponiita aliniuliza kwa utii, na sisi mtu akiulizwa hivyo, kwa nadhiri aliyoiweka, hana pa kukwepea. Nikasema yote. Kicheko akarudishwa kwao kusubiri uamuzi. Aliondoka na sanduku lake bila kunitazama. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Mama Mkuu, kisha nikachoka hata kukasirika.

Kazi yake nikaongezewa mimi. Natoka kwenye mabamba nakimbilia kwa wagonjwa, nabadilisha mashuka, nakimbia tena. Na kilio kikarudi. Nilimweleza Mama Mkubwa kwamba amepokea asubuhi, akalia zaidi.

Sasa nisikilize, na Baba usimwambie kwanza. Jana nilishindwa. Nilitia kipande cha mabaki mfukoni, nikaenda nikamwinulia, nikasema maneno yale yale. Mama Mkubwa akaitikia Amina, akatafuna polepole, kisha akacheka. Akaniambia, tena kwa jina langu, kwamba hicho ni kipande cha pembeni na nimekiunguza. Alikuwa anaoka hostia kabla sijazaliwa, nimdanganye nani? Nikamuuliza kama kwa Kicheko pia alijua. Akasema alijua tangu siku ya kwanza, ila alimhurumia, maana maskini wa Mungu alikuwa anatetemeka kila mara. Na akimaliza alikuwa anakaa kitandani anamsimulia habari za nje. Nikamuuliza, sasa Komunyo anaililia nini? Akanijibu kwamba akililia Komunyo watu wanakuja mbio. Alipolilia mtu wa kukaa naye, aliambiwa asali rozari.

Nilikaa, Mama. Mabamba yalipoa huko nami sikuinuka. Nililia mimi, safari hii, naye akanifutia uso kwa ncha ya shela langu.

Kesho baada ya Misa nitakwenda kwa Mama Mkuu bila kuitwa. Nitamwambia kwamba Kicheko hakumdanganya mtu, na kwamba alilolifanya yeye nami nimelifanya. Nikinyamaza, Kicheko atapoteza nadhiri zake kwa neno langu. Nikisema, huenda nami nikafungashwa virago, na dada yako abaki peke yake. Nimepima huku na huku usiku na mchana, na naona lazima niseme. Kwa hiyo njoo wewe, Mama. Ndugu wanaruhusiwa kuingia mchana. Njoo hata kama goti linauma.

Wasalimie wadogo zangu, na jirani aliyenishonea sweta, bado linanifaa sana. Niombeeni.

Ni mimi mwanao,
muoka hostia.

Ukifika ukamkuta analia, usimwite padri. Vuta kiti.